Shahidi wa Nafsi Yako Si Wewe Peke Yako

Oktoba 1981, huko Canada, Kent Cochrane, kijana wa miaka 30, alipata ajali ya pikipiki akaumia vibaya ubongo. Alipopata nafuu, madaktari walikuta sehemu kubwa ya akili yake iko salama. Alisoma na kuandika, alicheza chesi, aliweza kueleza namna ya kubadilisha tairi la gari lililopata pancha. Kitu kimoja kilikuwa kimetoweka chote: hakukumbuka tukio hata moja la maisha yake, liwe la utotoni au la asubuhi ile ile. Aliijua nyumba ya wazazi wake, lakini kichwani hakuwa na siku hata moja ambayo yeye mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba ile.

Endel Tulving, mwanasaikolojia wa Toronto, alimpa kazi inayoonekana nyepesi. Alimwekea orodha ya maneno ya tabia, akamtaka aseme kila neno linamfaa kwa kiasi gani. Baadaye akampa tena orodha hiyo, na majibu yakalingana na ya kwanza. Mama yake naye akaombwa amweleze mwanawe kwa orodha ile ile. Makubaliano kati ya mama na mwana yalikaribia yale yanayopatikana kwa mama na kijana mzima asiye na ugonjwa wowote. Na ajali ilikuwa imembadilisha hulka: yule mchangamfu wa zamani, mpenda makundi na vishindo, sasa alikuwa mtulivu. Majibu yake yalimweleza mtu wa baada ya ajali. Tulving alichapisha matokeo hayo mwaka 1993.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyeijua vizuri tabia yake mpya, na wakati huo huo hakukumbuka hata siku moja aliyoishi nayo. Ukikubali kisa hiki, mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachukua kama ya wazi yanaanza kuyumba. La kwanza ni kwamba mimi ni kumbukumbu zangu. La pili ni kwamba nikitaka kujijua natakiwa nitulie, nifumbe macho na kuchungulia ndani. Naona yote mawili yana kosa, tena kosa lenye madhara, kwa sababu mtu anayeyashika huenda kutafuta habari zake mahali ambapo hazipo. Tabia ya mtu iko zaidi katika mwenendo wake, na mwenendo una mashahidi na unaweza kuandikwa. Kuchungulia ndani kuna kazi yake, ila kazi hiyo ni ndogo kuliko tunavyoidhania.

Kwanza tutenganishe maswali, maana yakichanganywa mjadala huwa hauishi. Swali moja linauliza ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe yule yule wa miaka thelathini iliyopita. Lingine linauliza mimi ni mtu wa namna gani: mwoga, mkarimu, mwepesi wa hasira. La tatu linauliza kwa nini nilifanya jambo fulani jana. Mtu anaweza kuwa na jibu zuri kwa moja na asiwe na lolote kwa mengine.

Katika swali la kwanza, jina lisilokwepeka ni John Locke, Mwingereza, ambaye mwaka 1694 aliongeza sura nzima kuhusu jambo hili katika toleo la pili la kitabu chake kikuu. Locke alitutaka tuwaze roho ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zote za maisha yake ya kifalme, ikiingia katika mwili wa fundi viatu. Anayeamka katika mwili ule ni nani? Kwa jirani bado ni yule fundi. Kwa Locke, kama nafsi inayobeba wajibu na lawama, ni mwana wa mfalme, kwa kuwa yeye ndiye anayeyakumbuka matendo yale kuwa ni yake. Nafsi inafika nyuma hadi pale kumbukumbu inapofika.

Locke mwenyewe aliliona tatizo la mlevi. Mtu amelewa, amempiga mwenzake, asubuhi hakumbuki. Kwa hesabu ya Locke aliyeamka si yule aliyepiga. Alijitetea kwamba mahakama za wanadamu humwadhibu mlevi kwa sababu tendo linathibitika na kutokumbuka hakuthibitiki, na kwamba haki kamili itatolewa Siku ya Hukumu. Linganisha na sheria zetu. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 13 katika ile ya Kenya, vinasema ulevi si utetezi, isipokuwa pale ambapo ulisababishwa na mtu mwingine kwa nia mbaya au uzembe bila ridhaa ya mshtakiwa, au pale ulipomfanya awe mwendawazimu wakati wa tendo. Vinaruhusu pia ulevi uangaliwe katika kupima kama nia ya kosa ilikuwepo. Pitia masharti hayo yote: hakuna hata moja linalouliza kama mshtakiwa anakumbuka. Sheria inauliza hali yake wakati ule na namna alivyoingia katika hali ile. Naona wanasheria wako karibu na ukweli kuliko Locke.

Thomas Reid, Mskoti, alimkosoa Locke mwaka 1785 kwa mfano ambao hadi leo wanafunzi wa falsafa hufundishwa. Mvulana anachapwa shuleni kwa kuiba matunda shambani. Akiwa ofisa kijana anateka bendera ya adui, na siku hiyo bado anakumbuka kile kiboko. Uzeeni anakuwa jenerali; anakumbuka bendera, kiboko amekisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke jenerali ni yule ofisa, na ofisa ni yule mvulana, lakini jenerali si yule mvulana. Haiwezekani. Watetezi wa Locke hujibu kwamba inatosha kumbukumbu zishikane kama mnyororo, pete kwa pete, hata kama ya mwisho haigusi ya kwanza. Jibu hilo linaokoa hesabu. Haliokoi kitu mbele ya hoja nzito zaidi, iliyotolewa na Joseph Butler mwaka 1736: ili tuseme huyu anakumbuka kweli, wala hajidanganyi, lazima kwanza tujue kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Kumbukumbu inautegemea umoja wa mtu, basi haiwezi kuwa ndiyo inayouumba.

Hoja ya Butler ilipata nguvu mpya karne mbili na nusu baadaye. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kiliripuka tarehe 28 Januari 1986. Asubuhi ya pili yake, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike walikuwa wapi walipopata habari, nani aliwaambia, walikuwa wakifanya nini. Baada ya miaka miwili na nusu waliwapata 44 kati yao, wakawauliza tena. Wanafunzi 11, yaani robo, hawakupata hata jambo moja sawa na walilokuwa wameandika. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Na walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kumbukumbu ya zamani haikurudi. Walikuwepo walioutambua mwandiko kuwa ni wao na bado wakashikilia masimulizi mapya. Ukisema wewe ni kumbukumbu zako, itakubidi useme ni zipi: zile za Januari 1986 au hizi za baadaye ambazo unaziapia.

Upande wa pili uko mtu aliyeacha kuweka kumbukumbu mpya bila kuacha kuwa yeye. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji tarehe 25 Agosti 1953 huko Hartford, Marekani, akiwa na miaka 27, ili kuzuia kifafa kikali. Daktari aliondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, karibu na usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata njia nyembamba kati ya mistari miwili, huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo huwasumbua watu wote mwanzoni. Kwa siku tatu Molaison aliiboresha, makosa yakapungua, na kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenye mkono hana habari. Mengi ya yale yanayomfanya mtu awe alivyo hukaa mahali kama hapo: katika mazoea, katika namna ya kujibu ukiguswa, katika upole au ukali usiohitaji kukumbukwa ili ufanye kazi.

Wanaowauguza wagonjwa wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2015 Nina Strohminger na Shaun Nichols walichapisha utafiti wa wanafamilia 248 wa wagonjwa wa aina tatu: wenye Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli uitwao ALS, na wenye ule unaokula sehemu za mbele na za pembeni za ubongo na kuharibu mwenendo. Waliulizwa kwa kiasi gani mgonjwa bado ni mtu yule yule. Waliosema kwa nguvu zaidi kwamba mtu wao ameondoka walikuwa ndugu wa kundi la mwisho. Kilichobashiri majibu kuliko kingine ni mabadiliko ya uadilifu: ukweli, huruma, uaminifu. Upotevu wa kumbukumbu ulikuwa na uzito mdogo sana. Mzee anayesahau jina la mjukuu wake lakini bado anamgawia nusu ya chapati yake, familia inamwona ni yeye. Anayekumbuka majina yote lakini ameanza kuiba na kuwacheka wanaolia, familia inamlilia akiwa hai.

Hapa wapo watakaosema kwamba ndugu wanaonyesha tu wanavyoona, hawathibitishi yule ni nani hasa. Ni kweli. Hata hivyo, swali la umoja wa mtu lina faida gani likitengwa kabisa na wajibu, ahadi, urithi, ndoa na deni? Mambo hayo yanategemea mwenendo. Mwingereza Derek Parfit alikwenda mbali zaidi mwaka 1984 kwa kusema kwamba umoja wenyewe si jambo la kutupa shida. Kilicho muhimu ni muunganiko wa hulka, nia na kumbukumbu, ambao unaweza kuwa mwingi au mchache. Namkubali kuhusu wingi na uchache. Simkubali anapoziweka hulka na kumbukumbu katika mizani moja.

Tuje kwenye swali la tatu, kwa sababu ndilo linalotudanganya kila siku. Kwa nini nilifanya vile?

Nusu mbili za ubongo zimeunganishwa na daraja la nyuzi takriban milioni 200. Kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa daraja hilo lilikatwa ili dhoruba ya kifafa isivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Roger Sperry na wanafunzi wake huko California walianza kuwachunguza wagonjwa hao miaka ya 1960, kazi iliyompa Sperry Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Jaribio linafanya kazi hivi. Mgonjwa anakazia macho nukta katikati ya skrini. Picha inayomulikwa kulia kwa nukta huenda nusu ya kushoto ya ubongo, na ya kushoto huenda nusu ya kulia. Lazima imulikwe kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ikikaa zaidi macho yatahama na pande zote mbili zitaiona, na jaribio limeharibika. Kwa wengi, lugha ya kuzungumza iko nusu ya kushoto. Mkono wa kulia huongozwa na nusu ya kushoto, na wa kushoto na nusu ya kulia.

Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux walimwonyesha kijana mmoja, anayejulikana kwa herufi P.S., picha mbili kwa pamoja: nusu ya kushoto ikaona ukucha wa kuku, nusu ya kulia ikaona nyumba iliyozungukwa na theluji. Akatakiwa achague kwa mikono picha zinazoendana na alizoziona. Mkono wa kulia ukagusa kuku. Wa kushoto ukagusa beleshi, la kuondolea theluji. Walipomuuliza kwa nini, aliyeweza kujibu ni nusu ya kushoto, ambayo haikuona theluji kabisa. Ilikuwa na haki ya kusema sijui. Ikajibu bila kusita kwamba ukucha ni wa kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku. Hakukuwa na dalili ya uongo wa makusudi. Ndani ya kichwa kuna sehemu inayotunga sababu, inaitunga haraka, kisha inampa mwenyewe kama kumbukumbu.

Nitoe tahadhari moja. Wapo waliorukia kusema kwamba wagonjwa hawa ni watu wawili katika mwili mmoja. Mwaka 2017 Yair Pinto na wenzake walichapisha majaribio yanayoonyesha wagonjwa wa aina hii wakiripoti kuwepo kwa kitu popote kilipotokea, kwa mkono wowote na hata kwa maneno, ingawa hawakuweza kulinganisha vitu vya pande mbili. Mjadala wa ufahamu wao uko wazi. Ninachokishika hapa ni kidogo na imara zaidi: maelezo ya sababu yanaweza kutengenezwa bila kujua sababu.

Na haihitaji upasuaji. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio lililofanyika dukani: jozi nne za soksi ndefu za nailoni za kike zimepangwa mezani, wapita njia wanaombwa waseme ipi ni bora. Zote zilikuwa sawa kabisa. Ya mwanzo kushoto ilichaguliwa na asilimia 12, inayofuata 17, kisha 31, na ya mwisho kulia asilimia 40. Walipoulizwa sababu, watu walitaja ufumaji, ulaini, ubora wa kazi. Hakuna aliyetaja nafasi mezani. Walipoulizwa moja kwa moja kama nafasi ilichangia, karibu wote walikataa. Mwaka 2005, Petter Johansson na Lars Hall wa Lund, Sweden, waliwapa watu 120 picha za nyuso mbili mbili wachague inayovutia zaidi. Mara chache, kwa mbinu ya kiinimacho, walimkabidhi mchaguaji picha ile aliyoikataa na kumuuliza aliipendea nini. Wengi hawakugundua, na wakaendelea kueleza kwa nini waliichagua, wengine wakitaja heleni ambazo yule waliyemchagua kweli hakuzivaa.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na kwa kawaida tunaisikia kama lawama kwa mtu mwenye kiburi. Ushahidi huu unaipa maana pana: asiyeona kundule ni kila mtu, hata mnyenyekevu, kwa sababu ya mahali macho yalipo. Tofauti ya kiburi na unyenyekevu inakuja baadaye, katika kukubali au kukataa kuambiwa.

Kuhusu swali la pili, mimi ni mtu wa namna gani, jaribio ninalolipenda ni la Nicholas Epley na David Dunning lililochapishwa mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Cornell wakati huo kilikuwa na siku za kuuza maua ya dafodili kwa ajili ya hisani. Wiki kadhaa kabla ya mauzo, wanafunzi waliulizwa kama watanunua. Asilimia 83 walisema ndiyo. Wakaulizwa pia ni wenzao wangapi watanunua. Wakakadiria asilimia 56. Walionunua walikuwa asilimia 43. Angalia wapi walikosea sana. Kuhusu wenzao waliukaribia ukweli, wakapitiliza kidogo. Kuhusu nafsi zao walikosea karibu mara mbili. Ukimtabiri jirani unaangalia anavyofanya na watu kwa jumla wanavyofanya. Ukijitabiri unaangalia nia yako, na nia huwa nzuri sikuzote. Wanafunzi wa shahada waliochunguzwa na Roger Buehler na wenzake mwaka 1994 walikadiria kumaliza tasnifu kwa wastani wa siku 33.9. Walipotakiwa wakadirie kama kila kitu kitakwenda vibaya, walisema 48.6. Walitumia 55.5.

Wanakikundi wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, wanalijua hili bila maabara. Anayeomba mkopo huulizwa maneno machache. Kitakachoamua ni ukurasa wake katika daftari la michango, wiki kwa wiki, pamoja na yale wanayoyajua wanaoishi naye mtaa mmoja.

Mtu anaweza kuwa na daftari la namna hiyo juu yake mwenyewe, na hapa naeleza linavyofanya kazi kwa sababu wengi hulianza vibaya. Chora safu tano: tarehe ya leo, tendo unalolitabiri, uhakika wako kwa asilimia, tarehe ya kukagua, na kilichotokea. Tendo liwe lile ambalo mtu mwingine aliyekuwepo angeweza kusema limefanyika au halikufanyika. "Nitajitahidi kuwa mvumilivu" halikaguliki. "Sitampandishia sauti mtoto kabla ya Jumapili" linakaguliwa. "Nitalipa shilingi 50,000 za dukani kabla ya tarehe 5" linakaguliwa. Tumia kalamu ya wino na usirudi kurekebisha. Usianze kusoma matokeo kabla ya kufikisha utabiri 30 hivi, kwani chini ya hapo unasoma bahati. Ukifika, yapange kwa uhakika: chukua yote uliyoyapa asilimia 80 na uhesabu mangapi yametimia. Kama ni 20, yanapaswa kukaribia 16. Yakiwa 11, umejua kitu kuhusu nafsi yako ambacho tafakari ya usiku kucha isingekupa. Kisha yapange tena kwa aina: fedha, hasira, kazi, ibada, afya. Kwa kawaida pengo huwa kubwa katika aina moja au mbili tu, na mara nyingi si zile ambazo mwenyewe angezitaja.

Yanayoharibu ni haya. Watu huchagua matendo mepesi wapate alama nzuri, na daftari linakuwa pambo. Watu huchanganya utabiri na lengo: lengo ni unachotaka, utabiri ni unachoamini kitatokea, na ukishaandika kimoja mahali pa kingine takwimu zote zinaoza. Kosa baya zaidi ni kuongeza safu ya sita, ya sababu. Anayeandika "sikulipa kwa sababu mgeni alikuja" amemkaribisha yule mtunzi wa banda la kuku ndani ya daftari. Sababu ziandikwe kando, baada ya miezi mitatu, na ziangaliwe kama dhana: kama wageni ndio chanzo, basi siku zisizo na wageni madeni yalilipwa. Yalilipwa?

Kabla ya kuandika asilimia, jiulize kwanza watu kumi wa hali yako wangefanya nini, halafu wewe mwenyewe mara tatu zilizopita ulifanya nini. Nia yako ije mwisho, na iruhusiwe kusogeza namba kidogo tu. Hatua hii ya dakika moja inapunguza makosa mengi.

Kisha mashahidi. Simine Vazire alionyesha mwaka 2010 kwamba ujuzi umegawanyika: kuhusu wasiwasi na hofu za ndani, mwenyewe hujijua kuliko rafiki, kuhusu uchangamfu wanalingana, kuhusu mambo yenye sifa au aibu, kama akili na ubunifu, rafiki humjua kuliko anavyojijua. Kwa hiyo usimuulize mtu kama una wasiwasi. Muulize unavyokuwa unapokosolewa, unapokuwa na fedha, unapoombwa msaada katikati ya kazi. Chagua watatu: anayelala nyumba moja nawe, anayefanya kazi chini yako, na aliyekujua zaidi ya miaka kumi. Usiwakutanishe. Swali "unanionaje?" kwetu halina faida, kwa sababu ya muhali, utaambiwa wewe ni mtu mzuri sana, na aliyesema hajakosea adabu. Swali lenye faida linauliza tendo: "Mara ya mwisho nilipokosolewa mbele yako, nilifanya nini?" Aliye chini yako hatakwambia ana kwa ana hata ukimwapia, muombe mtu wa tatu amuulize, na akuletee majibu bila majina. Sikiliza bila kujitetea. Neno la kwanza la kujitetea ndilo la mwisho la ushahidi.

Kuna pingamizi la zamani na la heshima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa ghafla, mkamilifu, akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani, haoni wala hasikii chochote. Mtu huyo, alisema, bado angejua kwamba yupo. Nakubali, na sidhani utafiti wowote wa saikolojia unaweza kumnyang'anya mtu yule ujuzi wake. Lakini angalia udogo wa anachokijua. Anajua kwamba yupo. Kama ni mkarimu au bahili, mwoga au jasiri, hajui na hana njia ya kujua, kwa kuwa hajawahi kukutana na mtu wala kitu. Ujuzi wa ndani ulio imara kabisa ni huo, pamoja na maumivu, hofu na matamanio ya sasa hivi, ambayo hapo mwenyewe ndiye wa kuaminiwa. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba haumwi amevuka mpaka.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, na ndilo linalonisumbua zaidi. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 maneno yaliyosafiri dunia nzima: niko kwa sababu tuko, na kwa kuwa tuko, basi niko. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alikaza uzi mwaka 1984 kwa kusema kwamba utu ni kitu ambacho jamii humkuza mtu akifikie, na mtu anaweza kushindwa kukifikia. Kwame Gyekye wa Ghana alijibu kwamba hapo jamii imepewa zaidi ya haki yake, kwani mtu ana akili na hiari ya kuikagua hiyo jamii na kuikataa. Naegemea kwa Gyekye, na kwa sababu ya kiutendaji. Mashahidi nao hukosea kwa pamoja. Mtoto akishapewa jina la mkaidi nyumbani, kila tendo lake husomwa kwa jina hilo, na mashahidi watano wa ukoo mmoja huwa ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara tano. Binti anayeambiwa tangu utoto kwamba hesabu si zake ataileta hukumu hiyo kama jambo alilolichungulia ndani mwake mwenyewe.

Ndiyo maana mashahidi watatu watoke sehemu tatu zisizosikilizana, na angalau mmoja awe amekujua baada ya kutoka nyumbani kwenu. Shahidi asiyeweza kutaja tendo, mahali na siku ya karibu, maneno yake yawekwe pembeni hata kama ni mzazi, kwa heshima zote. Na pale mashahidi na daftari wanapopingana, daftari lipewe uzito, kwa sababu liliandikwa kabla ya tendo, na wao wamezungumza baada yake.

Kwa anayemuuguza mgonjwa wa ubongo anayebadilika, daftari hilo linageuka: linaandikwa na familia. Tarehe, tendo, aliyekuwepo. Amempiga nani, amegawa nini, amechukua kisicho chake lini, siku gani amecheka kama zamani. Katika ugonjwa unaoanzia sehemu za mbele za ubongo, mgonjwa mara nyingi hana habari kwamba amebadilika, na atamwambia daktari kwa utulivu kabisa kwamba yuko vizuri. Kurasa mbili za matendo yenye tarehe zitamsaidia daktari kuliko saa nzima ya kumuuliza mgonjwa anajisikiaje, na zitaisaidia familia kutenganisha ukorofi wa kuadhibiwa na ugonjwa wa kuhudumiwa.